Sikio la Fundi Tweve

Sikio la mwenye gari hukaa kiti cha abiria.

Mmecheka, nimewasikia. Mama Chesko kamwambia mumewe maneno hayo mbele ya wageni, mzee wa watu kanyamaza kama aliyemwagiwa maji, nanyi mkaangua kicheko bila kujua mnachokicheka. Sasa mnaniuliza yametoka wapi. Haya, endeleeni kumenya viazi, na maganda yawe membamba, maana mnamenya kana kwamba vinaota vyenyewe barabarani. Nitawaeleza. Msemo huu sikuusoma popote wala sikuhadithiwa na mtu. Ulizaliwa ndani ya gari, na mimi nilikuwamo.

Dada yangu mkubwa, Twilumba, aliolewa Makambako na fundi wa magari aliyeitwa Asheri Tweve, Mkinga wa kule milimani Makete. Gereji yake ilikuwa nyuma ya soko, uwanja uliozungushiwa mabati, na katikati shimo la kufanyia kazi chini ya magari. Nyumba yao ilikuwa pembeni ya uwanja huo. Tweve alikuwa na gari lake mwenyewe, la Kifaransa, rangi ya maziwa, lenye pua ndefu na mkono wa gia uliotokeza kwenye usukani. Lilikuwa kuukuu hata kwa enzi zile. Alilinunua likiwa limekufa, akalifufua kwa mikono yake, na kila Jumapili alilifuta vumbi hata kama halikwenda mahali.

Sifa yake kubwa ilikuwa giaboksi. Injini kila fundi hudai kuijua, lakini giaboksi ni sanduku lililofungwa, na kulishusha na kulifungua ni kazi ya kutwa nzima. Fundi wa kubahatisha hufungua kwanza ndipo atafute ubovu. Tweve hakufungua kabla hajajua. Akiletewa gari linalolia, alilitoa barabarani, akapanda gia moja baada ya nyingine, akakanyaga klachi, akaiachia, kisha akarudi gereji na kusema, "Beringi ya nyuma hiyo," au, "Gia ya pili imekatika jino." Wakifungua, ni hivyo hivyo. Watu walimletea magari toka Mbeya na Iringa. Walisema yule Mkinga ana masikio ya popo.

Jambo moja tu liliwachekesha watu. Tweve hakujaribu gari la mtu bila mkewe. Mteja alikaa nyuma, au alibaki gereji akinywa chai, lakini kiti cha mbele kilikuwa cha Twilumba. Alivua viatu, akatoa sindano zake na uzi, akaanza kufuma sweta, maana Makambako ni mji wa baridi na upepo, na dada yangu aliuvisha nusu yake. Walikwenda na kurudi bila kusemezana. Wateja waliwatania: "Fundi, unaogopa tutamwiba?" Naye alitabasamu tu. Wapo waliosema ni wivu. Mimi nilisema ni mapenzi, na kusema kweli nilimwonea gere kidogo dada yangu, maana babu yenu hakuwahi kunipakia hata kwenye baiskeli.

Mungu hakuwajalia mtoto. Twilumba akaugua kifua, akafa, tukamzika Makete kwenye makaburi ya ukoo wa mumewe.

Baada ya mazishi mambo ya Tweve yakaenda kombo. Aliletewa lori la mbao linalolia, akalijaribu peke yake, akasema beringi ya mbele. Vijana wake wakashusha giaboksi, wakalifungua, na beringi ya mbele ikakutwa nzima kama imetoka dukani. Akaletewa gari la mwalimu mkuu, akakosea tena. Aliyefuata alichukua giaboksi lake likiwa vipande ndani ya gunia, akampelekea fundi mwingine. Hakuna aliyemtolea maneno makali. Walisema majonzi yamemvuruga akili, wakaacha kumpelekea magari. Vijana aliokuwa akiwafundisha kazi wakatafuta gereji nyingine, kwa kuwa tumbo halina msiba. Tweve akafunga lango la mabati, akakaa ndani.

Majirani zake hawakuwa watu wabaya, hilo nataka mlijue. Walikwenda kumjulia hali. Sasa mnajua desturi yetu: hodi ni mara tatu. Usipoitikiwa unaondoka, kwa sababu mwenye nyumba hayupo au hataki mtu, na kusukuma mlango baada ya hapo ni kukosa adabu. Waliona moshi wa jiko, wakajua yumo. Wakapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Wakarudi siku nyingine, ikawa vile vile. Vijana wake wa gereji nao walikwenda. Mchungaji naye alikwenda, akarudi ameinamisha kichwa. Mwishowe wakaambiana, "Hataki watu. Tumwache na msiba wake."

Mwaka ulipokaribia kutimia, ukoo wa Tweve ulipanga siku ya kumwekea Twilumba msalaba kaburini. Msalaba huo Tweve aliuchomelea mwenyewe kwa chuma, akaupaka rangi nyeupe, na alikuwa ameahidi kwa barua kuupeleka kwa gari lake. Mvua zilikuwa karibu, na mvua zikianza, njia ya Makete ya wakati ule ilikuwa haipitiki. Nami kama mdogo wa marehemu nilitakiwa kuwapo. Nikapanda basi toka Njombe mpaka Makambako ili tufuatane.

Nilifika jioni, upepo unavuma, kichwani nina kiroba cha viazi. Nikapiga hodi. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu kwa sauti ambayo soko zima liliisikia. Hakuna jibu. Nilikuwa nimekwisha kugeuka niende kuomba malazi kwa jirani. Lakini baridi ilikuwa imeniingia mpaka kwenye meno, na yule alikuwa shemeji yangu, tena nilikuwa nimechoka. Adabu yangu ikaishia hapo. Nikausukuma mlango.

Tweve alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya chumba, ameuelekea mlango. Alivaa shati lililofuliwa na kunyooshwa, mikono ameiweka magotini. Jikoni birika la chai lilikuwa linachemka, na mezani vikombe vimepangwa, vingi kuliko mdomo mmoja. Aliponiona aliruka kama kijana, halafu machozi yakamtoka.

"Kamwene, shemeji," alinisalimu kwa lugha ya kwetu. "Wewe ndiye wa kwanza tangu tuanue matanga."

"Wa kwanza namna gani? Majirani hawaji?"

"Hakuna aliyekanyaga hapa. Nilidhani labda wamenichoka kwa kuwaharibia magari yao. Lakini kila jioni nachemsha chai, maana huwezi kujua. Halafu nainywa mwenyewe."

Moyo uliniuma, kisha ukapanda hasira. Asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Kaduma, jirani wa ukuta kwa ukuta, nikampasha. Nilimwambia wamemtupa mwenzao kama mbwa. Mama Kaduma akaapa kwa jina la mama yake aliyeko kaburini kwamba walikwenda, tena si mara moja, na yeye Tweve ndiye aliyewanyamazia. Nikaondoka nikijua mmoja kati yao ni mwongo, na nikiona aibu kwamba sijui ni nani.

Tukapakia msalaba kwenye gari. Nikashika mlango wa mbele ili niketi. Kwenye kiti kulikuwa na sweta la kijani ambalo halijaisha, sindano bado zimechomekwa kwenye uzi, kama dada yangu alivyoliacha.

"Hapo hapana, shemeji," Tweve alisema. "Naomba ukae nyuma."

Nikakaa nyuma, chuma cha msalaba magotini. Nilimwelewa. Lakini kuketi nyuma ya mtu asiyesema, mbele yako kiti kilichobeba sweta la marehemu, ni safari ya upweke. Nilitazama kisogo chake njia nzima.

Mimi magari siyajui. Nilijua tu kwamba tangu tulipotoka uani lile gari lilikuwa linanguruma chini ya miguu yetu kama mashine ya kusaga ikikosa mahindi. Nikajiambia, mwenyewe ni fundi, anajua. Kwenye tambarare likanyamaza, nami nikashukuru. Tulipofika mlima wa kwanza alirudisha gia, na hapo lililia mpaka kioo cha mlango kikatetemeka. Huo ulikuwa mlima mdogo. Nikaikumbuka milima ya Makete, magema upande huu na upande huu, na njia ambayo hata mbuzi huipita kwa kufikiri.

"Shemeji, gari linalia," nikasema.

Hakujibu. Nikasema tena kwa nguvu. Hakujibu. Nikamgusa bega, akashtuka kiasi kwamba gari liliyumba. Akaliegesha pembeni, akageuka mzima mzima kunitazama usoni.

"Umesemaje?"

"Gari linalia, shemeji."

"Halilii."

"Linalia! Hata huu msalaba unatetemeka."

Akanitazama, akautazama mkono wa gia, kisha akakitazama kile kiti.

"Linalia tangu lini?" aliuliza polepole.

"Tangu nyumbani. Wewe hulisikii?"

"Sisikii," alisema. "Sijasikia giaboksi miaka mingi, shemeji. Kabla ya gereji nilikuwa nanyoosha bodi za magari. Nyundo na mabati vimeyamaliza masikio yangu. Mtu akiwa mbele yangu naipata nusu ya maneno, nusu nyingine naiokota midomoni mwake. Akiwa nyuma yangu, sina nipatacho."

"Na magari yote yale uliyoyaponya?"

Akalinyooshea kidole lile sweta. "Ni yeye. Nilikuwa naitazama mikono yake. Gari likiwa zima, sindano zinakwenda. Likilia, zinasimama. Likiacha kulia, zinaendelea. Mimi nilijua niko gia gani na mguu wangu uko wapi kwenye klachi, basi nikiweka hiki na kile pamoja napata ugonjwa. Miaka yote hiyo hakumwambia mtu. Hata wewe hakukuambia."

Kweli, hakuniambia. Nikaona ile mikono ya dada yangu, nikawakumbuka watu waliokuwa wakicheka. Kisha kitu kingine kikanijia.

"Shemeji," nikasema, nikihakikisha ananiona mdomo. "Watu walikuja kwako. Walipiga hodi."

"Nani alipiga hodi?"

"Mama Kaduma. Mchungaji. Vijana wako wa gereji. Hata mimi jana nilipiga zote tatu. Nani alikuwa anaitikia hodi nyumbani kwenu?"

Akakitazama tena kile kiti. Akaweka paji la uso kwenye usukani, akalia kwa sauti kubwa, sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe. Mwaka mzima alikaa akiutazama mlango, na watu wamesimama upande wa pili. Nami nikalia huko nyuma na chuma changu magotini.

Alipomaliza alijifuta uso kwa kiganja. "Unajua kufuma?"

"Aliyenifundisha ni yeye."

"Basi njoo mbele."

Nikaketi. Nililishika sweta lile kwa woga, nikatafuta alipoishia, nikaanza. Tweve akawasha gari, akaliacha bila gia. Lilinguruma, nikasimamisha sindano. Akakanyaga klachi, likanyamaza, nikaendelea. Akaingiza gia ya kwanza, akaondoka, sindano zikasimama. Ya pili na ya tatu, vile vile, tena kwenye ya tatu nilikunja uso bila kupenda. Tulipofika tambarare akaingiza ya nne, ngurumo ikapotea, nikafuma. Alikuwa akiiangalia njia, na kila mara jicho moja likishuka mikononi mwangu. Nikaona uso wake unarudiwa na kitu. Ulikuwa uso wa mtu aliye kazini.

"Si beringi ya mbele," alisema. "Ni ya shafti ya chini. Ile ya chini ndiyo hubeba mzigo kwenye gia zote tatu za mwanzo. Ya nne hupita juu moja kwa moja, ya chini inazunguka bure, ndiyo maana inanyamaza." Akaegesha, akashuka, akaingia uvunguni, akatoka na vidole vyeusi. "Mpira wa kuzuia oili umechoka, oili imevuja. Limekauka. Tukiingia milimani hivi litatufia njiani, na huko hakuna pa kuegesha."

"Basi turudi ulitengeneze."

Akasimama akivitazama vidole vyake. "Giaboksi halishushwi na mtu mmoja. Nitahitaji watu."

"Waite."

"Watajua, shemeji. Watajua kwamba Tweve hakuwa na sikio. Na yeye watasema alikuwa akiwadanganya."

Hapo nilikasirika, na mnajua nikikasirika. "Alimdanganya nani? Magari yao yalipona au hayakupona? Wewe ulikuwa na kichwa, yeye alikuwa na sikio. Unataka kuilinda siri ya marehemu mpaka ushindwe kumpelekea msalaba wake?"

Akaingia garini. Kisha akaligeuza gari kuelekea Makambako. Tulipokaribia mjini ndipo alisema, "Waambie wewe. Mimi sitaweza."

Nikawaambia. Nilianza na Mama Kaduma, kwa kuwa nilikuwa na deni la kumwomba radhi. Aliketi chini pale pale mlangoni kwake, mikono kichwani. "Jamani," alisema, "kumbe tumemzika mtu akiwa hai!" Jioni ile hakuna aliyepiga hodi. Waliingia. Waliingia mmoja mmoja, wakaenda kusimama mbele yake mpaka awaone, wakampa mkono. Vile vikombe vilivyokuwa vingi havikutosha, ikabidi tuazime.

Asubuhi vijana wake wa zamani walishuka shimoni, na mchungaji akakunja mikono ya shati akasaidia kulipokea giaboksi, likamchafua vizuri. Lilipofunguliwa, oili iliyotoka ilikuwa kidogo, nyeusi, inang'aa kwa unga wa chuma. Ile beringi ya shafti ya chini gololi zake zilikuwa zimechimbika kama meno mabovu. Nyingine zote zilikuwa nzima. Tweve alikuwa na beringi kama hiyo toka gari jingine, ameihifadhi kwenye kopo la mafuta. Akaifunga, akaweka mpira mpya, akajaza oili, wakalipandisha.

Nikaketi mbele na sweta langu. Tulikwenda mpaka njia panda na kurudi, na sindano hazikusimama hata kidogo.

Kijana mmoja, Luvanda, aliyekuwa mcheshi kupita kiasi, akamsogelea Tweve uso kwa uso. "Fundi, kumbe lile sikio lako tulikuwa tunalisifu bure!"

Watu wakaogopa. Lakini Tweve alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Hamkulisifu bure," alisema. "Mlikosea mahali pa kulitafuta. Sikio la mwenye gari hukaa kiti cha abiria."

Tulifika Makete kabla ya mvua. Njiani nililimaliza sweta lile, na nilipofika kwenye mikono nikaona dada yangu alikuwa ameanza kuvifuma viwiko mara mbili. Hakuna mteja aliyefumiwa hivyo. Ni mtu mmoja tu mjini aliyelalia viwiko kutwa chini ya magari. Nilimpa hapo kaburini, msalaba ulipokwisha kusimama. Alilivaa juu ya koti, likawa linambana, naye hakujali.

Msidhani upweke wake uliisha. Aliyekuwa amelala pale hakurudi. Siku niliporudi Njombe alinipeleka stendi, na nilipokuwa tayari nimepanda basi nikamtazama kwa dirishani. Alikuwa amekaa kwenye usukani peke yake. Halafu akajinyoosha, akaufungua mlango wa abiria, akauacha wazi, akasubiri. Basi liliondoka kabla sijaona kama kuna aliyeingia. Baadaye nilisikia kwamba ni Mama Kaduma, na kikapu chake cha nyanya.

Watu wa Makambako wakayachukua maneno yale, wakayapeleka mpaka mahali pasipo na gari. Mume anayesema nyumbani kwake hakuna kelele, kumbe mkewe anazisikia kutwa, huambiwa hayo na mkewe. Ndiyo maana mzee Chesko kanyamaza.

Sasa mmeacha kumenya, na viazi vinawasubiri. Niwaambie moja la mwisho. Mimi nami siku hizi hodi nyingine hazinifikii. Nilimsikia Mama Chesko leo kwa sababu ana kinywa cha tarumbeta, na ninyi mko mbele yangu. Mtaondoka likizo ikiisha, najua. Lakini mkirudi mkapiga hodi mara tatu nisiitikie, msiseme bibi amelala, msiseme hataki watu. Sukumeni mlango, mje msimame nilipo mpaka niwaone. Sikio la mwenye gari hukaa kiti cha abiria.